Kabla ya Sentimita Tano

Siku ya kwanza Daktari Thuranira aliuliza maswali mengi, na Mashavu aliyajibu yote bila kusita. Nurudin alikuwa mrefu hivi tangu utotoni? Ndiyo, tangu darasa la tatu walimu walimkalisha nyuma ili asiwazibe wenzake. Miwani? Tangu akiwa na miaka saba. Baba yake je, alikuwa na umbo kama hili? Alikuwa nalo, lakini aligongwa na lori kwenye barabara ya Isiolo, watoto wakiwa bado wadogo. Halafu daktari akauliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kufa ghafla, akiwa kijana, bila kuugua.

"Hapana," alisema Mashavu.

Hakusema uongo. Mwanawe wa kwanza, Rahim, alikuwa amekufa akiwa na miaka thelathini, muda mfupi baada ya kula chakula cha mchana nyumbani kwake, lakini kwa Mashavu kile hakikuwa kifo cha ghafla. Kilikuwa mkono wa mtu. Rahim alitiliwa sumu na mkewe. Jambo hilo lilijulikana mtaa mzima wa Majengo, pale Meru, na mtu akiulizwa magonjwa ya ukoo hamtaji aliyeuawa, kama vile asivyomtaja aliyekufa maji.

Nurudin alikuwa ameketi kitandani bila shati. Alimtazama mama yake, kisha akatazama vidole vyake virefu vilivyolala mapajani. 

Daktari alieleza polepole, kwa Kiswahili cha kujitahidi. Ugonjwa huu huitwa Marfan, na mtu huzaliwa nao. Mshipa mkuu, ule unaotoa damu moyoni na kuipeleka mwilini, ukuta wake huwa dhaifu na hutanuka mwaka baada ya mwaka, hata siku moja ukachanika. Wa Nurudin ulikuwa umefika sentimita nne nukta sita. Ukifika tano angepelekwa Nairobi, kipande kilicholegea kikatwe na kuwekwa cha kutengenezwa. Kabla ya tano, kupasuliwa kwenyewe kungekuwa hatari kuliko kungoja. Kwa sasa angemeza vidonge viwili kila siku, kimoja cha kupunguza mapigo ya moyo na kingine cha kushusha presha. Asibebe kitu kizito. Arudi baada ya miezi sita.

"Kwa hivyo tunangoja kiharibike zaidi ndiyo kitengenezwe," alisema Nurudin.

"Tunangoja mpaka kungoja kuwe hatari kuliko kisu," alisema daktari.

Walishuka ngazi za kliniki. Mashavu alikuwa amebeba mfuko wa dawa, na alisubiri ahisi kitu. Hakuhisi. Alikumbuka tu kwamba hawakuwa na mafuta ya kupikia, wakapitia dukani.


Nurudin alifanya kazi katika bucha ya Kasim, kaka mkubwa wa marehemu baba yake. Zamani ndiye aliyeipokea nyama kutoka kwenye gari la kichinjio, robo nzima ya ng'ombe begani, akaitundika kwenye kulabu bila kuhitaji kiti. Sasa Kasim alimkalisha kwenye mizani. Akapima maini na matumbo, akafunga nusu kilo nusu kilo. Vidonge vilimfanya awe na usingizi wiki za mwanzo. Miguu ikawa baridi hata jua likiwa kali. Wateja waliona.

"Kasim," aliuliza mama mmoja wa mboga, "huu mnara wako wa simu umekosa network?"

Watu walicheka, na Nurudin naye akacheka, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Hata muuza dawa alimwuliza vidonge ni vya babu gani, na alipoambiwa ni vyake mwenyewe akavihesabu upya, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye hesabu.

Mwezi wa tatu, watu wa afya walipiga hema sokoni wakipima presha bure. Mashavu alimvuta mwanawe mpaka pale. Msichana aliyempima alisema presha iko chini, tena nzuri kabisa, mtu mwenye presha kama hii hahitaji dawa yoyote. Mashavu alirudi nyumbani na neno hilo kama zawadi. Alisema labda sasa wapumzishe vile vidonge, mwili nao upumue.

"Mama, iko chini kwa sababu nameza dawa," alisema Nurudin. "Na si ya kutibu presha. Ni ya mshipa usisukumwe kwa nguvu."

Hakupandisha sauti. Aliinuka akachukua maji, akameza kimoja mbele yake, akaenda kulala. Tangu wiki hiyo Mashavu alianza kufunga kila Jumatatu, funga ya sunna. Hakumwambia mtu. Hakujua hata anaomba nini, iwapo ni mshipa usitanuke au utanuke upesi wamalizane nao.


Miezi sita ilipotimia, kipimo kilisoma nne nukta saba. Daktari Thuranira alisema ni kidogo, si vibaya, dawa zinafanya kazi. Waendelee kungoja. Alikuwa ameshaanza kuandika tarehe nyingine Nurudin alipoacha kufunga vifungo vya shati.

"Daktari, nilikuwa na kaka," alisema.

"Nurudin," alisema Mashavu.

"Alikufa akiwa na thelathini. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Niliambiwa amekufa na nikaambiwa amezikwa, siku moja."

Daktari aliiweka kalamu chini. Alimgeukia Mashavu, na Mashavu akasema kwamba huyo aliuawa, kwa hivyo hakumhesabu. Daktari aliuliza kama polisi ndio waliosema hivyo. Hapana. Maiti ilipasuliwa?

"Sisi tulimzika kabla ya magharibi," alisema Mashavu. "Hatukutaka mtoto wetu akatwekatwe."

"Alikuwa mrefu?"

"Kumzidi huyu."

 Daktari akasema, bila lawama yoyote usoni, na kukosekana kwa lawama ndiko kulikomchoma Mashavu, kwamba ile tano ni ya mtu ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuchanika mshipa. Kama ndugu wa tumbo moja alikufa hivyo, hawangoji tano. Wanapasua kwenye nne na nusu.

"Nne na nusu nilishaipita," alisema Nurudin. "Niliipita siku ya kwanza."

"Ndiyo. Lakini wenzangu wa Nairobi wataniuliza, na 'huenda' haitoshi kumfungua mtu kifua. Nahitaji kujua alikufaje. Maumivu yalianzia wapi, yakaenda wapi. Nani alikuwepo?"

Mashavu alitazama kalenda iliyokuwa ukutani.

"Mkewe," alisema Nurudin.


Mke huyo aliitwa Wambeti, mtu wa Embu. Rahim alimkuta mjini Nkubu akifanya kazi hotelini, akamwoa, naye akasilimu. Siku ya tatu baada ya mazishi, wanawake wakiwa bado matangani, Kasim alisimama uani akauliza kwa sauti imekuwaje mtu mzima mwenye nguvu ale wali, atapike, afe.  Mashavu ndiye aliyejibu. Alisema, "Muulizeni aliyepika." Kabla ya adhuhuri vyombo vya Wambeti vilikuwa barabarani, naye amembeba mtoto wa kike wa miaka miwili. Miaka tisa ilikuwa imepita. Hakuna aliyewatafuta.

Sasa Kasim alimsikiliza Mashavu akieleza maneno ya daktari mpaka mwisho, akinoa kisu kimya kimya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemlea Nurudin kama wake, na alikuwa ameshaahidi ng'ombe wawili kwa ajili ya safari ya Nairobi.

"Shemeji, mbona unajisumbua?" alisema. "Rudi kwa daktari umwambie Rahim alishikwa na moyo. Neno moja. Nani atakwenda kuchunguza?"

"Ataniuliza yalianzia wapi."

"Mwambie kifuani. Si ndiko moyo uliko?"

"Akiuliza yakaenda wapi?"

 Kasim akajaribu makali ya kisu kwa kidole, akasema kwamba Mashavu akienda kwa Wambeti, afikirie vizuri anakwenda kusema nini. Maana mtu hawezi kwenda kuomba ushahidi kwa muuaji. Akienda, atakuwa ameshasema si muuaji. Na sisi tutakuwa nini?

Mashavu alikuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amelizunguka siku nzima kama mtu anayezunguka nyumba iliyofungwa. Kusema uongo kungekuwa rahisi, na yeye hakuogopa dhambi yake. Aliogopa kwamba angetunga vibaya, na mtoto akapasuliwa, au asipasuliwe, kwa maneno aliyoyatunga jikoni.


Alikwenda Jumatatu. Runyenjes, kwao Wambeti huko Embu, alimuulizia sokoni yule aliyewahi kuolewa Meru, na hakuna aliyemjua. Mwishowe mwuza ndizi mmoja akakunja uso.

"Unasema Mama Mashavu? Mwenye hoteli?"

Alisimama pale akilisikia jina lake kinywani mwa mtu asiyemfahamu. Kwa Waembu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mume. Alilijua hilo, alikuwepo mtoto alipopewa jina, alichinja hata kuku. Lakini alidhani, bila kuwahi kulifikiria sawasawa, kwamba mwanamke aliyefukuzwa angelibadilisha. Wambeti alikuwa amemwita mtoto wake hivyo kila asubuhi kwa miaka tisa. Mashavu, amka. Mashavu, njoo ule.

Hoteli ilikuwa na meza nne na mlango wa buluu. Wambeti alikuwa amenenepa kidogo. Alimtambua papo hapo, lakini kwanza alimaliza kumpa mteja mmoja chenji yake. Alimkaribisha kwa mkono, akafuta meza, akaingia jikoni, akatoka na chai, chapati na sahani ya maharagwe. Akaviweka mbele ya Mashavu.

"Nimefunga leo," alisema Mashavu.

Wambeti alitikisa kichwa taratibu. "Nilijua tu utakuwa umefunga, Mama."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayeuliza chumvi. Mashavu alifungua kinywa aeleze kwamba ni kweli, ni Jumatatu, hufunga kila Jumatatu kwa ajili ya mtoto, na akaona kwamba kila neno la kweli alilo nalo lingesikika kama uongo. Alitazama sahani. Msafiri ana ruhusa, alijiambia, na funga ya sunna haina dhambi kuivunja. Lakini hata kama ingekuwa na dhambi. Alisema bismillahi, akakata chapati, akachota maharagwe, akala. Yalikuwa mazuri, na hilo nalo akaligundua kama mtu anayesikia habari za mji wa mbali.

Wambeti alisimama akimtazama mpaka sahani ikafika nusu. Ndipo akavuta kiti.

"Wambeti, mwanangu, nilikukosea—"

"Usianze na hiyo," alisema Wambeti. "Hukutoka Meru sababu ya hiyo. Sema ile ilikuleta."

Mashavu akamweleza, akianza na miwani na kumaliza na nne na nusu. Wambeti hakumkatiza. Mwishowe aliuliza daktari anaitwa nani, na kama ana simu. Mashavu alipiga, akampa. Hivyo ndivyo alivyokuja kujua mwanawe alikufaje: kwa kuketi mezani akisikiliza upande mmoja wa mazungumzo ya watu wengine.

"Ndiyo, nilikuwepo," alisema Wambeti. "Alikuwa amemaliza kula. Alisimama aende kunawa. Akashika hapa, katikati ya kifua. Hakusema inauma. Alisema kuna kitu kimechanika. Ndiyo, hivyo hivyo. Kimechanika." Alisikiliza. "Halafu ikaenda mgongoni, katikati ya mabega. Aliniambia nimkande. Nikamkanda. Jasho ilikuwa inatoka kama amemwagiwa maji. Hapo ndiyo alitapika. La, kutapika ilikuja mwisho, si mwanzo. Mkono moja ilikuwa baridi, ingine moto. Ile ya kushoto ndiyo ilikuwa baridi, nilikuwa nimeishika." Alisikiliza tena. "Nilikimbia kutafuta gari. Nikirudi na gari alikuwa ameenda. La, hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Wewe ndiye wa kwanza."

Mteja mmoja aliingia akaagiza chai, akaambiwa angoje. Daktari alikuwa akiuliza jambo jingine. Mashavu alijua ni lipi kabla Wambeti hajajibu, kwa sababu mkono wake ulishuka mezani na kukaa hapo.

"Ako mmoja," alisema Wambeti. "Msichana. Miaka kumi na moja." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ni mrefu. Ndiyo. Anapita darasa yote."

Aliporudisha simu hakuwa akimtazama Mashavu. Alitazama nje, mahali ambapo watoto wa shule wangepita saa kumi.

"Hii ya mtoto ulikuwa unaijua?"

"Tangu juzi. Daktari alipouliza Rahim alikufaje."

"Na ungeniambia?"

"Ningekuambia," alisema Mashavu. Kisha akaongeza, "Nadhani ningekuambia."

Wambeti aliichukua ile sahani. "Ulisema mbele ya watu," alisema, akaenda kumpa yule mtu chai yake.


Daktari Thuranira hakuchelewa. Ndani ya wiki alikuwa amezungumza na Nairobi, na Nairobi wakakubali: hawatangoja tano. Nurudin aliwekwa kwenye orodha. Alipowaambia, Mashavu alisema alhamdulillahi, kwa sababu ndilo neno lililopaswa kusemwa.

Nje, kwenye benchi la koridoni, Nurudin alikaa amekunja miguu yake mirefu ili watu wapite.

"Ile miezi sita," alisema, "tulikuwa tunangoja nini?"

Mashavu alidhani anaulizwa kuhusu mshipa. Kisha akaona macho yake nyuma ya miwani, akajua sivyo.

"Mlikuwa mnaningoja mimi," alisema.

Nurudin aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei ambayo tayari alikuwa ameikisia. Alisema waende, atachelewa kazini.

Jumamosi yake Mashavu alikwenda bucha saa nne asubuhi, wakati foleni inafika mlangoni. Yule mama wa mboga alikuwepo, na majirani wawili waliokuwa matangani siku ile. Hakusimama mbele. Alisimama palepale kwenye foleni, na zamu yake ilipofika, Kasim akiwa ameinua kisu akingoja aambiwe kilo ngapi, akasema kwamba Rahim hakutiliwa sumu. Ulikuwa mshipa, huu huu wa Nurudin. Wambeti hakumfanya kitu. Yeye, Mashavu, ndiye aliyesema, na alisema asilolijua.

Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Hakukuwa na kelele. Majirani walitazamana. Kasim alikata nyama ambayo hakuna aliyeiagiza, akaipima, akaifunga, akamsogezea bila kumwangalia. Nyuma yake mtu aliuliza kama kuna mifupa ya supu.


Nairobi, asubuhi ya upasuaji, Nurudin alimpa mama yake miwani amshikie. Alisema bila miwani kila mtu ni mzuri, akatabasamu, wakamsukuma ndani. Muuguzi alimwambia Mashavu itachukua muda mrefu. Watausimamisha moyo wakiwa wanafanya kazi, halafu watauamsha. Alilieleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kuzima jiko. Mashavu alishukuru, akaketi.

Kasim alikuwa ameteremka chini kutafuta mahali pa kuswali. Adhuhuri ilikuwa imeingia simu ilipolia.

"Mama," alisema Wambeti. Hakuwa amempigia tangu Runyenjes. "Nimetoka na mtoto Embu sasa hivi. Wamempima."

Mashavu alishika simu kwa mikono miwili.

"Wanasema mshipa umeanza kupanuka. Si sana. Wanasema tumeshika mapema." Nyuma yake kulikuwa na sauti za sahani, na mtu aliyetaka chapati mbili. "Wamempa dawa. Ni kidogo, nyeupe. Mimi sikuelewa vizuri, na daktari alikuwa na haraka. Nurudin yake humeza saa ngapi?"

"Jioni," alisema Mashavu. "Akimeza asubuhi anapata kizunguzungu. Baada ya chakula cha jioni, akiwa ameketi."

"Jioni."

"Wiki za kwanza atalala sana. Miguu itakuwa baridi, mpe soksi. Walimu watasema ni mvivu, kwa hivyo nenda mwenyewe uwaambie, usimtume. Asicheze netiboli. Asibebe maji."

"Na watu wakisema presha iko chini?"

"Watasema. Usimwachishe."

"Na akiruka siku moja?"

"Asiruke."

Wambeti alikuwa akiyarudia maneno kwa sauti ya chini, na Mashavu akasikia kwamba hayarudii kwake, anamwambia mtoto aliyesimama karibu. Soksi. Jioni. Asiruke. Kisha akauliza, "Na huyo wako?"

"Yuko ndani tangu asubuhi."

 Mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguka, akatoka mtu akisukuma ndoo, ukafungwa tena.

"Basi nitakuacha," alisema Mashavu, "una wateja."

"Wateja watangoja," alisema Wambeti. "Usikate."

Hakukata. Hawakuwa na la kusema, na hakuna aliyejaribu kulitafuta. Mashavu alikaa na simu sikioni, macho kwenye mlango, akisikiliza vikombe vikikusanywa Runyenjes.